Simiyu Hajapona Bado

Leo nimeaibika, na nilikuwa nimevaa tai.

Naandika haraka kabla Mtenga hajawafikia na maneno yake. Naandika kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta ya binti yangu Nekesa, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana jueni ni kidole. Si machozi. (Machozi yalikuwa ya mchana.)

Wengi mnaopata barua hizi za kompyuta mnanijua. Kwa wasionijua: mimi ni Baba Nekesa wa Brooklyn Park. Kazi yangu ni kugeuza wazee vitandani kule Anoka. Shule niliachia darasa la nne. Nyumba yangu ya Mlima Elgon ilichomwa wakati wa zile fujo, na aliyebeba debe la mafuta ya taa ni Barasa wa kinu cha posho. Namtaja kwa jina kwa sababu hakujifunika uso. Krismasi iliyotangulia alikuwa amekula kuku wangu, akaondoka na paja moja la kumpelekea mkewe. Haya. Hilo la Barasa mlishike, litarudi.

Sasa kuna tamthilia ya Wajapani. Ni ya mambo ya kale, wakati wa mabwana na panga. Watu wanapanda farasi, wanavaa kanzu zenye mikono mipana unaweza kuficha mbuzi ndani. Inaonyeshwa kila Jumapili jioni kwenye stesheni moja ndogo ya hapa, na sisi huitazama nyumbani kwa Mama Zuhura wa Mombasa, yule anayeuza leso na viungo vya chai. Kwa nini kwake? Ana televisheni kubwa, na anajua kupika. Hakuna sababu nyingine.

Mbele ya televisheni hiyo, chini, Mama Zuhura ameweka chombo cha maua ya plastiki. Maua hayo yalikuwa kwenye harusi yake, yakapanda ndege, yakafika Minnesota. Hayaguswi. Yamefunika magoti ya Wajapani wote, lakini sisi tulisema magoti si kitu, mradi tunaona nyuso.

Wajapani wanasema Kijapani. Sasa nani atatufasiria? Mimi. Kabla ya moto, siku za soko pale Kimilili, nilikuwa nakaa kando ya televisheni kwenye banda la video na kuwaeleza watu sinema za Wachina. Kichina sijui hata neno la kuombea maji. Lakini ukimtazama mtu usoni unajua: huyu mwizi, huyu shemeji, yule amekuja kudai mahari. Na watu walikuwa wanarudi.

Basi nikafasiri. Yule mkubwa wa mashujaa nilishindwa na jina lake, nikampa jina Simiyu, maana ana uso wa kina Simiyu. Siku ya kwanza kabisa nyumba ya Simiyu inachomwa. Anayeichoma ni jirani yake, mtu mnene, anacheka kwa meno ya mbele tu. Huyo jina lake sikulitafuta. Nilisema, "Huyu ni Barasa," na Mama Zuhura akaniongezea chai bila kuuliza.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na haja moja duniani: nimwone Simiyu akirudi kwenye boma lake, na Barasa akikimbia bila viatu. Nikawa nakataa zamu za Jumapili. Msimamizi wangu akaniuliza kama nimeokoka.

Kuna mambo yalinichanganya, sifichi. Wanaume wote wamenyolewa katikati ya kichwa. Nikajiuliza msiba ni wa nani. Nikawaambia watu ni wa mzee wa ukoo, na ukoo ni mkubwa. Likapita.

Ikaja Jumapili ile. Simiyu amekwenda kwa bwana mkubwa kushtaki kuhusu nyumba yake. Wameongea sana na hakuna aliyepaza sauti, nikasema kesi inakwenda vizuri. Mara tunamwona Simiyu ameogeshwa. Amevaa nguo nyeupe tupu. Amepiga magoti kwenye mkeka safi, uani, na wanaume wamekaa pembeni wametulia kabisa. Mbele yake kuna kisu kifupi juu ya sinia, kimeviringishiwa karatasi nyeupe. Nyuma yake amesimama mwanamume na upanga. Simiyu anafungua nguo. Uso hautikisiki.

Ndugu zangu, mimi ni Mbukusu. Mtu ameogeshwa, kisu kipo, na wanaume wanamtazama kama atapepesa macho. Mngesema nini?

"Anatahiriwa," nikawaambia.

Nilieleza kila kitu. Kwetu mtu hukatwa amesimama, hawa wanapiga magoti, kila watu na mila zao. Yule wa nyuma ni wa kumdaka akilegea. Upanga ni wa heshima. Kisu kikainuliwa kwenye sinia, na papo hapo wakatuonyesha ua jeupe likianguka kutoka mtini. Nikawasifu sana. Watu wenye adabu, nikasema, wanajua kuna mambo hayaonyeshwi mbele ya akina mama.

Mama Zuhura akawa na swali. "Baba Nekesa, mtu ana mke, ana watoto, ana upanga kiunoni. Miaka yote hiyo hajatahiriwa?"

Swali zuri. Ningeweza kusema sijui. (Kwenye banda la video hakuna sijui. Ukisema sijui wanadai kiingilio chao.)

"Nadhani amesilimu," nikasema.

Mama Zuhura akaweka sahani chini. "Simiyu?"

"Si umemwona na kanzu nyeupe."

"Mashaallah," akasema polepole. Akaenda jikoni, na nikamsikia akilisema tena huko, peke yake.

Jumapili iliyofuata Simiyu hakuonekana. Nikasema anapona. Nyingine, hayupo. Nikasema mtu mzima huchelewa kupona, damu yake nzito. Barasa anazidi kunenepa, anakaa kwenye boma la Simiyu, anakunywa kwenye vikombe vya Simiyu, na mimi nasema mngojeeni, siku zake zinahesabika. Kisha akaonekana mke wa Simiyu amenyoa kichwa chote, anawasha ubani mbele ya jiwe. Hapo nilikwama kidogo. Nikasema amefiwa na mama yake. Maskini, mambo yamemjia kwa pamoja. Mama Zuhura akalia.

Siku moja Nekesa alikuja kunichukua. Akasimama mlangoni na koti lake, akatazama kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba yule bwana mbona amekufa kitambo, wenzake wa chuo wana kanda zote. Nikamwambia mtoto hamsahihishi baba yake mbele za watu, na aniletee chumvi. Akaleta chumvi. Hakusema tena. (Mkosaji wa kwanza: Nekesa. Mtoto gani anakatazwa mara moja tu na anatii? Mbona mambo mengine hatii?)

Halafu juzi tukapata habari kwamba stesheni inataka kuikata tamthilia. Mahali pake waweke kipindi cha watu wanaokaa juu ya ziwa lililoganda, wametoboa shimo, wanangojea samaki. Watazamaji wanaitwa Jumamosi, ukumbi wa maktaba kule Crystal, waseme maoni yao. Sikulala vizuri. Nilifikiri: wakikata sasa, Barasa atabaki kwenye lile boma milele, na Simiyu atabaki ndani anauguza kidonda.

Ndiyo nikavaa tai.

Mtenga alinipitia asubuhi, theluji inamwagika. Mtenga ni yule wa Moshi anayeendesha basi la shule. Jumapili huwa ana kibarua kingine, kwa hiyo hajawahi kuitazama tamthilia. Yeye hupata habari kwangu kwa simu kila Jumatatu. Nilimchukua awe mkalimani. Kiingereza changu mimi ni cha kazini: geuka, inua mguu, umemeza dawa? Hakitoshi kumtetea mtu.

Tukafika. Mama Zuhura alikuwa ametutangulia, na hakuja peke yake. Alikuja na akina mama wa msikitini, gari zima, buibui juu ya makoti ya theluji. Mbele yake ndoo ya kaimati, bado za moto.

"Hizi ni za nini?" nikauliza.

"Za kumpongeza Simiyu," akasema. "Wenzangu hawa wote wamemwombea apone."

(Hapo ningegeuka nikarudi kwenye gari. Sikugeuka.)

Ukumbini walikuwa Wamarekani wachache wenye masweta, kijana mmoja wa nywele ndefu, na mbele kabisa bibi mmoja wa Kijapani, mdogo wa umbo, amevaa koti jekundu. Walimwita Bibi Hisako. Ameolewa hapa Crystal tangu zamani. Mwenyekiti alikuwa mama wa stesheni, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

Maoni yakaanza, Mtenga ananinong'oneza. Mama mmoja akasema anapenda mavazi. Kijana wa nywele ndefu akasema panga zinashikwa vibaya, akasimama na mwavuli kutuonyesha zinavyoshikwa. Mzee mmoja akalalamika kwamba maandishi ya Kiingereza yanapita upesi mno, hawahi kuyasoma.

"Maandishi gani?" nikamuuliza Mtenga.

"Yale yanayopita chini ya picha. Yanafasiri wanayosema."

Nikamgeukia Mama Zuhura. Naye alikuwa ameshanigeukia. Wote wawili tuliyaona akilini yale maua, yamefunika chini yote ya picha. (Mkosaji wa pili: Mama Zuhura. Harusi yenyewe ilishavunjika, maua ya nini?)

Nikajituliza. Nikasema hayo maandishi ni ya wasiojua kusoma nyuso. Na kabla sijamaliza kujituliza, mama wa stesheni akaninyooshea mkono. Zamu yangu.

Nikasimama. Nikavuta tai.

"Mwambie sisi wa Brooklyn Park tunaomba tamthilia isikatwe. Farasi hatuna haja nao. Tunamngojea mtu mmoja."

Mtenga akafasiri. Mama wa stesheni akatabasamu, akauliza ni nani. Jina lake la Kijapani silijui, nikaeleza tu: yule aliyechomewa nyumba na jirani yake. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Kijana wa nywele ndefu akaweka mkono kifuani. Nikapata nguvu. Nikaona kumbe tuko wengi.

"Mwulize kwa nini hawamrudishi," nikasema. "Tangu alipotahiriwa hatujamwona. Kwetu kijana mdogo anapona, anatoka, anarudi kuchunga ng'ombe. Huyu ni mtu wa vita. Anauguza mpaka lini?"

Mtenga akanitazama. "Mzee, niseme hivyo hivyo?"

"Sema, na usipunguze."

Hakupunguza. (Mkosaji wa tatu: Mtenga. Amezoea kutuliza watoto ndani ya basi, sauti yake inafika viti vya nyuma.)

Mama Zuhura naye akadakia kutoka alipokaa. "Mwambie pia, kama amekosa mtu wa kumsomesha dini, sisi tunaye."

Mtenga akafasiri na hilo.

Ukumbi ukanyamaza. Nilidhani ni heshima. Mama wa stesheni alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Yule mzee wa maandishi alimwuliza mkewe kitu, na mkewe akainua mabega. Mimi bado nimesimama, nangoja jibu, nashangaa mbona swali jepesi hivi linawashinda watu wa televisheni.

Bibi Hisako akageuka kwenye kiti chake. Akanitazama kwa upole, kama wazee wangu wa Anoka wanavyonitazama nikiwavisha soksi kinyume. Alinyoosha kidole kimoja akakipitisha tumboni mwake, juu ya lile koti jekundu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Nikamwonea huruma. Nikaona mama wa watu ameona haya.

"Mtenga, mwambie asijali, sisi ni watu wazima," nikasema. "Lakini si hapo. Ni chini kidogo."

Akafasiri na hilo. Mungu anamwona.

Sijui nani alianza kucheka. Najua kijana wa nywele ndefu alishuka kwenye kiti taratibu mpaka akakaa sakafuni na mwavuli wake. Mama wa stesheni aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Bibi Hisako mwenyewe alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mtenga akainama kwao wakamweleza, akarudi kwangu hana rangi.

"Mzee. Hakutahiriwa. Alijikata tumbo."

"Nani alimkata?"

"Alijikata mwenyewe. Amekufa."

"Na yule wa nyuma, wa kumdaka?"

"Huyo alikuwa wa kumkata kichwa."

Nilikaa. Nikasimama tena. Mambo yote yalikuja kwa pamoja, yule mke, lile jiwe, ule ubani. Lakini kuna moja lilikataa kuingia kichwani, na mpaka sasa nikiandika bado limekaa mlangoni.

"Ngoja," nikamwambia Mtenga. "Nyumba imechomwa na Barasa. Aliyekwenda kushtaki ni Simiyu. Sasa mbona aliyekufa ni Simiyu?"

"Wanasema alimfedhehesha bwana mkubwa kwa kumshtaki mtu wake. Basi bwana akamruhusu afe kwa heshima."

"Akamruhusu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mimi ningekataa hiyo ruhusa," nikasema, na Mtenga, ambaye kufikia hapo alikuwa anafasiri hata nikipumua, akafasiri.

Kicheko kikaisha. Ghafla tu. Nadhani uso wangu haukuwa mzuri. Machozi niliyowatajia ndiyo haya, na sijui niliyatoa kwa aibu au kwa Simiyu. Nilikuwa nimemngojea sana yule mtu.

Mama Zuhura akaona. Akasimama na ndoo yake, akaanza kupita safu kwa safu, akimwekea kila Mmarekani kaimati kwenye kitambaa cha karatasi. "Kuleni," akawaambia kwa Kiswahili chake cha Mombasa, kana kwamba ni wajukuu zake. "Zilikuwa za furaha, sasa ni za matanga. Kuleni, haziharibiki." Wakala. Wengine wakarudia. Mama wa stesheni akalamba vidole.

Bibi Hisako akaja kukaa karibu yangu na kaimati yake. Akaniambia, kupitia kwa Mtenga, kwamba alipokuwa msichana aliisikia hadithi hiyo kwa nyanya yake, akakasirika akakataa kula. Nikamwuliza jirani je. Yule mnene. Anapata nini?

Bibi Hisako akatafuna kwanza.

"Sehemu inayokuja," Mtenga akafasiri, "anapandishwa cheo. Anapewa jimbo zima."

Barasa wangu alipewa uchifu kabla majivu ya nyumba yangu hayajapoa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, niliielewa tamthilia bila mtu kunifasiria.

Mwisho wake je? Amekataa kuniambia. Anasema nitazame.

Ikaja kura, na wanaotaka tamthilia ibaki wakanyoosha mikono. Akina mama wa msikitini walinyoosha yote miwili. Tamthilia imebaki, wa samaki wametafutiwa siku yao. Mama wa stesheni alinishika mkono akanishukuru kwa maoni yangu, akasema hawajawahi kupata mengine kama hayo. Ninaamini.

Kurudi, Mtenga alishindwa ku-drive. Ilibidi aingie kituo cha petroli, azime gari, acheke mpaka yaishe, ndipo tuendelee. Mimi nilitazama theluji. Nyumbani Nekesa alifungua mlango, akaona tai imekaa mgongoni, akasema, "Dad, I told you." Nikamwambia aniwashie kompyuta.

Sasa hivi, kidole kikiwa hapa juu ya herufi, simu imelia. Mama Zuhura.

"Baba Nekesa, nimefikiri," akasema. "Yale maua nitayaondoa. Kesho Nekesa aje atusomee yaliyoandikwa, tujue ukweli."

Nikainua kidole kwenye herufi.

"Wasemaje, baba?"

"Yaache, mama. Palepale yalipo."

"Ya nini tena, na mtu mwenyewe kumbe alishakufa?"

"Amekufa kwa Wajapani," nikasema. "Kwetu bado anapona."

Nikasikia anafunika sufuria. "Basi nitapika pilau," akasema. "Mtu hawezi kutoka ndani akakuta hakuna pilau."

Kwa hiyo nawaomba, mkikutana na Mtenga, msicheke. Au mcheke mgongo umegeuka. Na wewe Barasa, kama huko uliko kuna mtu wa kukusomea barua hii: kesho jioni Simiyu anatoka.